Kombo Bahili Avuka Kwenda Likoni

Tangu nirudi sijapata kunywa chai yangu ikiwa moto. Kila apitaye hapa Frere Town husimama mlangoni na kuuliza, "Lawi, ni kweli Mwalimu Stefano alilia?" Nikianza kujibu, hutokea mwingine anayetaka nianze upya. Basi nimeona niandike mara moja. Asomaye na asome, asiyejua na asomewe, nami niachwe na kikombe changu.

Kwa wale mliokuwa mbali, mambo yalianza hivi. Wakati wa vita nilikuwa mbeba masanduku katika gari la sinema la jeshi. Vita vilipokwisha nilirudi na kamera ndogo ya kupigwa ufunguo kama saa ya mezani, nikaamua kutengeneza picha yangu mwenyewe. Hadithi niliitunga mimi, waigizaji niliwapanga mimi, na Kombo Bahili nilikuwa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuanguka kutoka mnazini. Kombo ni mtu wa Kisauni, bahili hata wa chakula chake mwenyewe. Wali anaufungia kabatini, yeye analala na njaa. Siku moja anakataa kumlipa mkwezi, anakwea mnazi wake mwenyewe, anaanguka, anakufa. Mkewe anaolewa na yule mkwezi. Mkwezi ni rafiki yangu Zakaria, ambaye kwa kweli ni mkwezi na hakuhitaji kufundishwa kitu isipokuwa kuacha kuitazama kamera. Picha haina sauti, kwa hiyo mimi husimama kando ya kitambaa cheupe na kusema maneno ya kila mtu.

Baba yangu, ndiye huyo Mwalimu Stefano, alikataa kuitazama. Amefundisha katekisimu miaka mingi, na kwake mtu anayejiita kwa jina ambalo hakubatizwa nalo ni mwongo tu. Alinitafutia kazi ya ukarani Changamwe, nianze Jumatatu. Tukagombana hadi majirani wakaacha kula ili watusikilize vizuri. Mwishowe baba akasema, "Picha yako ipeleke Likoni kwa dada yangu. Rahel akisema hiyo ni kazi, mimi nitafunga mdomo. Akisema ni upuuzi, Jumatatu uko Changamwe na tai shingoni."

Mnajua kwetu neno la shangazi halirudishwi. Nilikubali, lakini niliogopa. Katika maisha yangu sijataka kitu kama nilivyoitaka kazi hii ya picha, na sasa ilikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye aliwahi kumrudisha bwana harusi kwao kwa sababu alikula haraka.

Mashine ya kuonyeshea ilikuwa ya Bwana Karim, anayezunguka na lori lake akiwaonyesha wafanyakazi picha za vichekesho. Ijumaa alikuwa Changamwe, Jumamosi Likoni, kisha anakwenda zake Vanga. Akakubali kuichukua picha yetu, na tukapanga kukutana Changamwe.

Darajani pamoja na mbuzi

Tulitoka asubuhi, mimi na Zakaria, yeye kajitwika sanduku la filamu, mimi nina kamera na mfuko wa mahamri aliyotufungia mama. Kufika kwenye daraja la Nyali tukakuta watu wamejaa na magari yamesimama. Katikati ya daraja palikuwa na mbuzi. Mnalijua daraja letu, linaelea, na mtu akilikanyaga linamjibu. Wale mbuzi walikuwa wamejibiwa, wakakataa kwenda mbele wala nyuma. Mwenyewe, mzee wa Kigiriama, ameketi kati yao ametulia kabisa.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Mbona tumekwama?"

"Marahaba. Hawa hawajaona ardhi ikitikisika. Nawangoja wazoee."

"Watazoea lini?"

"Mungu akipenda, leo."

Watu wakaanza kutoa ushauri, na kama kawaida aliyejua kidogo alisema sana. Mmoja akataka mbuzi wabebwe. Mwingine akataka abebwe mzee. Mimi nikajiambia, mtu aliyeweza kumpanga Zakaria atashindwaje na mbuzi? Nikaenda mbele kuwapanga, huyu hapa, yule pale, nikipunga mikono kama nilivyofanya siku za kupiga picha. Hawakunitazama hata mmoja. Ndipo beberu mkubwa akanusa mfuko wangu. Nikarudi hatua, akanifuata. Nikarudi tena, wote wakamfuata. Hivyo nililivuka daraja kinyumenyume, nikidondosha hamri moja moja, nyuma ya mbuzi akifuata yule mzee, nyuma ya mzee magari, na abiria wa basi wakinipigia makofi.

Upande wa pili mzee akanishika mkono. "Ahsante mwanangu. Kumbe kazi yako kuchunga?"

"La, mzee. Kazi yangu ni picha za sinema. Huwapanga watu."

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema, akaenda na mbuzi wake na mahamri yetu tumboni mwao.

Changamwe, ambako nililishwa

Tulifika Changamwe tumechoka na hatujala kitu. Bwana Karim alikuwa tayari ametundika kitambaa kati ya nguzo mbili, na watu wa bandarini na wa reli wameketi chini wakingoja. Wengi walikuwa wa bara. Picha ya Bwana Karim ikapita, watu wakacheka, kisha ikaja yetu.

Nikasema maneno yangu kwa nguvu zote. Hapa Frere Town, Kombo alipoanguka mnazini, mlicheka mpaka benchi likavunjika. Kule Changamwe walinyamaza kimya. Nikadhani hawajaelewa, nikayarudia maneno kwa sauti zaidi. Kimya vile vile. Picha ilipokwisha akainuka mtu mmoja mrefu, nyapara wa wapakizi aitwaye Okelo, akaja kusimama mbele yangu.

"Huyu mtu alikufa na njaa," akasema.

"Alianguka, bwana. Kutoka mnazini."

"Alianguka kwa sababu ya njaa. Mikono haikuwa na nguvu. Mimi napakia magunia, najua. Na majirani wake walikuwa wapi?"

"Bwana Okelo, mimi mzima. Ile ni picha tu."

"Najua ni picha, mimi si mtoto. Lakini nimeona mbavu zako. Mbavu hazikuwa picha."

Mbavu kweli ni zangu na nimezaliwa nazo hivyo. Okelo akanishika bega, akanipeleka nyumbani kwake, na mkewe akaweka mbele yangu mlima wa ugali na visamaki vikavu vidogo vidogo wanavyoviita omena, vinavyokutazama vyote kwa pamoja. Mimi ni mtoto wa wali wa nazi. Lakini nilikuwa na njaa na nilikuwa na adabu, nikala. Nilipomaliza, akaingia jirani, akasema kwake pia kumepikwa. Kwake palikuwa na maharagwe na mahindi. Kisha akaja wa tatu, ambaye alikuwa na maziwa yaliyolala kibuyuni siku nyingi akiwa amemtunzia mgeni, na mgeni nimepatikana. Kila nikisema nimeshiba, wanatazamana kwa huzuni. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema marehemu," anasema Okelo, na chakula kinaongezwa. Zakaria, ambaye katika picha ananona na kuoa, hakuna aliyemkaribisha hata maji.

Alfajiri lori la Bwana Karim likapiga honi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu haondoki kwa kupigiwa honi.

"Lawi!" akaita Zakaria. "Bwana Karim hangoji!"

"Tangulieni!"

"Na maneno ya picha atayasema nani?"

"Sema wewe!"

"Mimi ya Kombo siyajui! Najua ya mkwezi tu!"

Lori likaondoka. Nikalisikia likishuka mteremko na kazi yangu yote ndani yake, nami siwezi hata kusimama wima.

Jumamosi ya uji

Ya Jumamosi sitaeleza kwa urefu. Mke wa Okelo alinipikia uji mwembamba, akaniwekea kigoda karibu na mlango wa nyuma ili nisisumbuke. Walinitunza kama ndugu yao, na nikiwa nimelala pale niliona haya kwamba niliwadhania hawakuielewa picha yangu. Wao ndio peke yao waliokwisha kumhurumia Kombo. Hata mimi niliyemtunga sikuwahi kumhurumia.

Lakini jioni ilipoingia niliumia moyo kuliko tumbo. Nilijua kwamba saa hiyo kitambaa kimetundikwa Likoni, shangazi ameketi kiti cha mbele, na Zakaria anasema maneno ya mkwezi. Huyo Zakaria hata ya mkwezi huyasahau. Nikaiona tai ya ukarani ikining'inia mbele yangu.

Kivukoni, mara nyingi

Jumapili asubuhi miguu ilinirudia. Nikamshukuru Okelo na mkewe, nikatwaa kamera yangu, nikapata basi hadi mjini, nikashuka kivukoni. Nilikuwa sijalala tangu Ijumaa. Nikaingia kwenye kivuko, nikajiegemeza pembeni, upepo ukanipuliza, nikafumba macho kidogo tu.

Nilipoyafumbua, watu walikuwa wanashuka. Nikashuka nao. Nikaenda mpaka juu ya mteremko ndipo nikaona niko kisiwani, pale pale nilipopandia. Tumekwenda Likoni tukarudi, nami nimelala. Nikapanda tena, nikaapa sitaketi. Nikasimama, nikashika chuma. Kumbe mtu aliyechoka hulala hata wima. Nilipoamka, kisiwani.

Baharia mmoja akaja kunikagua. "Bwana, wewe u abiria au u nanga?"

"Nataka Likoni, ndugu yangu."

"Likoni umeshafika mara mbili. Bi mkubwa," akamwita mama mmoja aliyebeba kikapu, "tafadhali kaa karibu na huyu. Akifumba jicho, mfinye."

Yule mama akaifanya kazi yake kwa moyo. Hata nilipokuwa macho alinifinya, kwa tahadhari. Kisha akaanza kuniuliza.

"Wenda kwa nani huko?"

"Kwa Bi Rahel. Ni shangazi yangu."

Mkono wake ukaniachia. Akanitazama kwa upole ulionitisha. "Pole sana, mwanangu."

"Pole ya nini?"

"Kwani hukuambiwa? Kwa Bi Rahel pana matanga tangu jana. Mimi nimevuka kununua sukari ya chai ya huko huko."

"Nani amekufa?"

"Wallahi sijui. Nilisikia kilio, nikashika kikapu. Jina mtu hulisikia akifika."

Usingizi wote ukanitoka. Niliona wazi kilichotokea: shangazi amekaa, amemwona mtoto wa kaka yake akianguka kutoka juu ya mnazi, hapana mtu wa kumweleza, na moyo wake umesimama. Nimemuua shangazi yangu kwa picha ya kuchekesha. Kivuko kilikuwa hakijagusa nchi, mimi nimesharuka.

Likoni

Nilikimbia njia yote. Nikafika nikakuta mikeka imetandazwa uani, wanawake wamejitanda kanga, masufuria yanachemka, wanaume wamekaa upande wao wakinong'ona. Yalikuwa matanga kamili. Bwana Karim, ambaye alipaswa kuwa njiani kwenda Vanga, alikuwa mkekani na sinia la wali. Zakaria alikuwa pembeni yake na sinia lake.

"Shangazi!" nikapiga ukelele, nikaanguka chini mchangani. "Shangazi yangu!"

"Labda ungengoja niitike kwanza, ndipo ulie," ikasema sauti jikoni. Akatoka Bi Rahel mwenyewe, mzima, upawa mkononi. "Umechelewa, Lawi. Twakulilia tangu jana."

Nilimkumbatia hadi upawa ukaanguka. Kisha nikauliza, kama alivyouliza kila mtu baada yangu, "Basi nani amekufa?"

"Kombo," akasema shangazi.

Nikamtazama. Nikamtazama Zakaria, naye akaitazama nyama yake.

"Shangazi, Kombo ni mimi. Ni mchezo."

"Wanifundisha? Niliona sinema kabla wewe hujavaa suruali. Sasa nisikiza. Yule mtu alianguka, mkamfukia, na kabla udongo haujakauka namwona mkewe acheza ngoma ya harusi. Matanga yake yalikuwa wapi?"

"Filamu haikutosha, shangazi. Tena Kombo alikuwa bahili. Hakupendwa na mtu."

"Na kupendwa kuna nini na matanga? Matanga ni ya waliobaki. Hata mchawi hukaliwa matanga. Nikamwambia Bwana Karim azime mashine yake. Mtu hatoki kaburini akaingia harusini, labda huko kwa watu wasio na ndugu. Nusu iliyobaki tutaitazama Kombo akishakaliwa sawasawa."

Majirani walikuja kwa sababu Bi Rahel aliwaita, na wakabaki kwa sababu Bi Rahel alipika. Watani nao walikuja, maana msiba bila watani haujawa msiba. Mtani mkuu alikuwa Mzee Ndoro, na kazi ya mtani mnaijua, kumwiga marehemu na kumcheka mbele ya wafiwa. Akainuka, akawa Kombo. Akakihesabu chakula kabla ya kukila, akakirudisha sufuriani punje kwa punje. Akakwea nguzo ya baraza. Juu kabisa akasita, akatazama chini kwenye masufuria, na usoni mwake nikaona mtu anayetaka kula na hajui namna ya kujiruhusu. Kisha akaanguka. Watu walicheka huku wakifuta macho. Mimi, mwenye Kombo, niliona wivu.

"Umeona?" akasema shangazi. "Huyo ndiye Kombo. Wako alikuwa aanguka tu."

Nilimwelewa, na iliniuma kwa kuwa alikuwa na haki, kama Okelo alivyokuwa na haki. Katika mfuko wa kamera nilikuwa na filamu moja mpya niliyoiweka kwa ajili ya hadithi nyingine. Nikaitia. Nikapiga ufunguo. Nikawaambia wanawake walie nitakapoinua mkono. Shangazi akaushusha mkono wangu. "Watalia nikilia mimi," akasema, akajitanda kanga kichwani, akaketi katikati, akaanza. Mtu asingesema kwamba Kombo hakuwa na jamaa.

Kamera ikiwa inanguruma hivyo, akaingia baba.

Habari ya msiba haina nauli. Ilikuwa imevuka na mabaharia, ikapanda basi, ikafika Frere Town watu wakitoka ibadani: kwa dada yake Mwalimu Stefano pana matanga. Alikuwa na koti la Jumapili, mwavuli kwapani, kofia imekwenda upande, na uso ambao sijapata kuuona. Hakuniona nyuma ya kamera. Alikuwa anatafuta kati ya zile kanga.

"Dada!" akaita. "Dada yangu yu wapi?"

Shangazi akainua kichwa. Baba alipomwona, alikaa chini mchangani na koti lake. Ningepaswa kusimamisha kamera. Kidole kilikataa.

"Karibu, Stefano," akasema shangazi, na wala hakutoka mchezoni. "Tumefiwa."

"Na nani?"

"Na Kombo wa Kisauni. Alianguka mnazini. Hana mtoto, hana ndugu wa kumlilia."

"Hana hata ndugu?" Baba akaivua kofia. "Masikini. Masikini ya Mungu."

Akalia. Baba yangu aliyemzika babu bila chozi, akamlilia mtu niliyemtunga mimi jikoni kwa mama. Kisha akafumba macho akamwombea kwa sauti, kwamba yeye aliyeogopa kula duniani akakaribishwe karamuni asiogope, maana tayari mtu alikuwa amemnong'oneza tabia za marehemu. Uani wote walisema amina, Waislamu na Wakristo, na Bwana Karim na tonge lake.

Filamu ikaisha, kamera ikalia mlio wake. Baba akafumbua macho, akaniona.

"Lawi? Wafanya nini msibani na kidude hicho?"

Aliyecheka kwanza ni Mzee Ndoro. Ilibidi shangazi aeleze yote toka mwanzo, na kadiri alivyoeleza baba alizidi kuinuka kutoka mchangani, mpaka akasimama na mwavuli.

"Mmenifanya nimwombee mtu ambaye hayupo!"

"Ulilia, hukulia?" akauliza shangazi.

"Nililia."

"Machozi yalikuwa ya uongo?"

Baba alikung'uta koti, akaitazama kamera muda mrefu, kisha akanigeukia kwa sauti ndogo.

"Nilipoingia, kofia ilikuwaje?"

"Upande, baba."

"Basi tuirudie. Nitoke nje, niingie vizuri."

"Filamu imekwisha."

"Imekwishaje? Mtu aingia mara moja tu?" Alikasirika kweli, zaidi kuliko alivyokasirika kuhusu sala.

Jioni Bwana Karim akawasha mashine, nami nikasimama kando ya kitambaa nikasema maneno ya harusi. Sasa watu walimcheka mkwezi kwa raha, kwa sababu Kombo alikuwa ametendewa haki yake. Baba alikaa kiti cha mbele karibu na dada yake. Picha ilipokwisha shangazi hakunitazama mimi, alimtazama yeye.

"Hiyo ni kazi, Stefano."

"Nimesikia, dada."

Nyumbani

Jumatatu baba alikwenda Changamwe mwenyewe kuwaambia wamtafute karani mwingine. Filamu ya matanga nimeipeleka melini ikasafishwe ng'ambo, na itarudi itakaporudi. Kila siku baba huniuliza kama meli imeingia. Zakaria ataka picha inayofuata awe yeye anayekufa, kwa kuwa ameona wanavyolishwa.

Asubuhi hii niliamka mapema niandike haya. Mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi. Leo si Jumapili, lakini alikuwa amevaa lile koti na mwavuli kwapani, akitoka mlangoni na kuingia tena, akitoka na kuingia, na kila mara kofia imekaa sawa.